UZI: "Walimu wanahitaji presha kidogo." Presha gani, mkuu? Historia fupi kabla hujamjibu mtu

Kila msimu wa matokeo ya mitihani, na kila msimu wa mgomo, kuna maneno lazima uyasikie kwenye redio ama kwenye jukwaa la mkutano. Mmoja atasema walimu wetu wamezoea, mshahara unaingia ufundishe usifundishe, kwa hivyo wanahitaji presha kama watu wa kampuni za kibinafsi. Mwingine atamjibu kwamba walimu wanakufa na presha, waachwe wapumue. Halafu sisi huku kwenye simu tunagawana kambi na matusi yanaanza.

Nasoma sayansi ya siasa na nimechoka kuona hii mechi ikichezwa bila mpira. Hao wawili wanatumia neno moja kwa vitu viwili tofauti. Kuna presha inayomfanya mwalimu aamke mapema akipanga jinsi atakavyoeleza sehemu za hesabu, na kuna presha inayomfanya alale akiwaza jinsi ya kudanganya. Historia yetu iko na mifano ya zote mbili, tena mingine ni ya kushangaza. Twende.

(Kama kawaida ya nyuzi zangu: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna chama. Ukitaja jina huko chini utajijibu mwenyewe.)

Kwanza tuwekane sawa kuhusu neno. Hans Selye, daktari aliyefanya kazi Montreal, Kanada, ndiye aliyelipa umaarufu wazo la msongo. Mwaka 1936 alichapisha utafiti kuhusu jinsi mwili unavyojibu shinikizo la aina yoyote, na miaka ya 1970 akaja na mgawanyo ambao watu wa semina wanaupenda sana: msongo unaokuamsha na msongo unaokubomoa. Wengi huishia hapo. Wanakwambia kidogo ni kizuri, kingi ni kibaya, kama chumvi.

Kwa mtu wa siasa, mwenye maana zaidi ni Robert Karasek. Mwaka 1979, akitumia data za wafanyakazi wa Marekani na Uswidi, alionyesha kwamba ukubwa wa kazi peke yake hauelezi nani anaumia. Anayeumia zaidi ni yule aliye na kazi nyingi na hana usemi juu ya jinsi ya kuifanya. Mwenye kazi nyingi na usemi mwingi mara nyingi anajifunza, anakua, anajivunia. Kwa hivyo swali si presha ni ngapi. Swali ni kama huyu mtu anaweza kufanya kitu halali kuipunguza.

Chukua mwalimu wa Darasa la Tatu. Ana watoto 45, sita kati yao hawajui kusoma, na inamnyima usingizi. Lakini anawajua kwa majina, vitabu viko, hedimasta anamsikiliza, anaweza kuwaweka baada ya chakula cha mchana dakika ishirini. Hiyo ni presha, na akimaliza muhula hao sita wakisoma atakuwa mtu mwenye furaha kijiji kizima. Sasa chukua mwenzake wa Darasa la Nane enzi za KCPE. Watoto 90, wengine wamekuja bila kujua kugawanya, na ameambiwa wastani wa somo lake upande alama kumi mwaka huu la sivyo ataona. Afanye nini halali ndani ya miezi tisa? Hapo ndipo akili inaanza kutafuta njia za pembeni.

Wa kwanza kufanya hiyo ya pili kuwa sera ya taifa zima walikuwa Waingereza. Hii hadithi naipenda kwa sababu ukiisoma unaona vikao vyetu vya leo mle ndani.

Mwaka 1861 tume moja kule Uingereza iliripoti kwamba watoto wengi wa maskini hawakuwa wakijua kusoma na kuandika vizuri, ilhali serikali ilikuwa inamwaga ruzuku. Mwaka uliofuata, 1862, wakaleta kanuni mpya: shule italipwa kwa matokeo. Mkaguzi anakuja mara moja kwa mwaka, anamtahini kila mtoto kusoma, kuandika na hesabu. Mtoto aliyehudhuria na kupita yote analetea shule shilingi 12 za ruzuku: 4 za mahudhurio na 8 za mtihani. Akianguka somo moja shule inapoteza shilingi 2 na peni 8. Na kwa kuwa mishahara ya walimu wengi ilitegemea hiyo ruzuku, mtoto mmoja mwenye homa siku ya ukaguzi alikuwa anakula chakula cha mwalimu, kihalisi. Waziri aliyeileta aliliambia Bunge kwamba mpango huu kama hautakuwa wa gharama ndogo basi utakuwa na ufanisi, na kama hautakuwa na ufanisi basi utakuwa wa gharama ndogo. Umewahi kusikia mtu wa bajeti akiongea hivyo? Mimi pia.

Ikawaje? Walimu walifanya kile mtu yeyote mwenye akili angefanya. Historia, jiografia na mambo mengine yasiyolipiwa yalibanwa. Watoto wakakaririshwa kitabu kile kile mwaka mzima mpaka wakawa wanakisema bila kukiangalia. Ilikuwa inasimuliwa kwamba ungegeuza kitabu juu chini na mtoto angeendelea "kusoma". Matthew Arnold, ambaye tunamjua kama mshairi lakini aliyepata riziki yake kwa ukaguzi wa shule, alilalamika kwenye ripoti zake kwamba mafunzo yamekufa ganzi, yamekuwa ya mashine. Ilichukua zaidi ya miaka 30 kuimaliza. Ilianza kulegezwa miaka ya 1890 na ikaondoka kabisa mwisho mwisho wa hiyo karne.

Sitaki mseme namsafisha mwalimu. Kabla ya 1862 kulikuwa na uzembe wa kweli, na hiyo tume haikuota. Kosa lilikuwa kufikiri kwamba presha ni maji, ukifungulia bomba itafika pale unapotaka. Presha huenda kwenye kitu kinachopimwa.

Rudi nyumbani sasa. Idara ya Elimu ya hapa ilianzishwa 1911, ukoloni bado mchanga, na karibu shule zote za Waafrika zikiwa za misheni. Hili la ukoloni nitalipitia haraka, liko kwenye vitabu. Mwalimu wa wakati huo alikuwa mtu wa misheni kabisa: anayemlipa ndiye anayempa nyumba, ndiye anayemhesabia ibada, ndiye anayeuliza habari za ndoa yake na kama amekunywa pombe. Mkaguzi alikuwa anakuja, ndio, lakini presha kubwa ilikuwa ya meneja wa shule. Ungeweza kuwa fundi wa kufundisha na bado ukapoteza kazi kwa jambo lililotokea mbali na ubao.

Ripoti ya Beecher ya 1949 ikaongeza nyingine. Miaka minne ya msingi, minne ya kati, minne ya sekondari, na kila mlango una mtihani wa kuchuja. Mtoto wa Darasa la Nne, miaka kumi na kitu, anaambiwa hatima yako ni hii karatasi. Waafrika wengi waliipinga hiyo ripoti, wakijua imepangwa ili wachache wapite. Kutoka hapo mwalimu wa msingi Kenya amekuwa na kazi mbili zisizopatana: afundishe wote, halafu apimwe kwa wale wachache watakaopenya.

Tarehe 4 Desemba 1957 KNUT ikaundwa. Watu wa leo wanadhani chama cha walimu kilizaliwa kwa ajili ya mshahara tu. Mshahara ulikuwepo, lakini dai lililobeba mengine yote lilikuwa mwajiri mmoja. Yaani mwalimu wa Kakamega na wa Kilifi wawe na masharti yale yale ya kazi, na asiweze kufutwa kwa sababu amekosana na padri ama diwani. Baada ya mabishano na migomo ya miaka ya 1960, sheria ya 1967 ikaunda TSC. Ukiuliza ni hatua gani kubwa zaidi imewahi kuchukuliwa Kenya kupunguza presha mbaya kwa walimu, jibu langu ni hiyo, na hakuna mtu aliyeiita sera ya afya ya akili. Walichofanya ni kutoa hofu ya mtu na kuweka kanuni.

Ila kanuni nazo zina ubaya wake. Ukimtoa meneja mwenye fimbo na usiweke mtu yeyote anayejali kama darasa linafundishwa, unapata shule ambapo mwalimu yuko kwa kiwanja, gari lake liko, koti liko kwa kiti, darasani hakuna mtu. Benki ya Dunia ilipofanya uchunguzi kwenye shule zetu za msingi mwaka 2012, moja ya mambo yaliyojitokeza ni hilo hasa: walimu wa shule za umma waliokuwa shuleni lakini nje ya darasa walikuwa tatizo kubwa kuliko wale wasiofika shule kabisa. Kwa hivyo yule jamaa wa redio anayesema "hakuna presha" hajatoa hilo hewani. Anachokosea ni dawa.

Sasa nifike kwenye sehemu iliyonifanya niandike huu uzi.

Mtihani wa CPE, ule uliokuja kabla ya KCPE, ulikuwa umeshika nchi shingo miaka ya 1970. Nafasi za Kidato cha Kwanza zilikuwa chache kupita kiasi, na maswali mengi yalikuwa ya kukumbuka tu, mengine yakimpendelea mtoto wa mjini anayeishi na vitabu na redio. Katikati ya hiyo miaka, watu wa utafiti wa mitihani, mmoja wao mtafiti Anthony Somerset, wakafanya mambo matatu kwa pamoja. Walibadilisha maswali, yakaanza kuuliza mtoto afikiri kwa vitu anavyovijua: mimea, mifugo, maji, soko. Wakaanza kutoa orodha zinazoonyesha wilaya na shule zimefanyaje. Na la tatu, ambalo karibu kila mtu amelisahau, wakawa wanawatumia walimu jarida linaloeleza swali kwa swali watoto wameanguka wapi na kwa nini. Si "mmefeli". Ni kwamba kwa swali hili watoto wengi walichagua jibu B, maana yake hawajaelewa jambo hili, jaribuni kulifundisha hivi.

Fikiria umekaa shule ya mashambani mwaka 1976. Mara ya kwanza unaona shule yako iko wapi kwenye orodha. Unaumia. Hiyo ni presha, usiniambie sio. Lakini kwenye bahasha hiyo hiyo kuna karatasi inayokwambia ufanye nini kesho asubuhi. Karasek angeichukua aiweke kwenye mfano wake: dai kubwa, na uwezo wa kulijibu.

Halafu miaka ikaenda. 8-4-4 ikaingia, KCPE ya kwanza ikafanywa 1985 na masomo yakaongezeka. Kati ya hayo mambo matatu, lililonona ni moja: orodha. Magazeti yakagundua inauza. Shule zikagundua inaleta wanafunzi. Wanasiasa wakagundua kuwa unaweza kusimama juu ya matokeo ya wilaya yako kama umefunga bao. Jarida la swali kwa swali nalo, nani ataliweka ukurasa wa kwanza?

Presha ilipobaki orodha tu bila ile karatasi ya pili, walimu na mahedimasta wakafanya kama wenzao wa Uingereza wa 1862. Mtoto dhaifu anarudishwa Darasa la Saba "ajipange". Mwingine anaandikishwa kituo kingine cha mtihani ili wastani wa shule usiguswe. Tuisheni ya saa kumi na moja asubuhi, tuisheni ya jioni, tuisheni ya likizo. Sanaa, muziki na michezo kwenye ratiba ya ukutani zipo, kwenye maisha hazipo.

Na presha ina tabia ya kushuka chini. Kiboko kilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001. Mimi nimeingia shule ya msingi baada ya hapo na nimechapwa. Tulikuwa tunachapwa kwa hesabu ya alama, fimbo moja kwa kila alama uliyokosa chini ya ile uliyowekewa. Shule yenyewe sitaitaja.

Nataka kuwaambia kuhusu siku moja tu. Ilikuwa siku ya wazazi, muhula wa kwanza, matokeo ya waliotutangulia yametoka. Mwenye kushika kipaza sauti akaanza kuita walimu wa Darasa la Nane mmoja mmoja na wastani wa somo lake. Wa Kiswahili akapewa blanketi, watu wakapiga makofi. Wa hesabu alikuwa ameshuka. Akaambiwa asimame hapo mbele, awaeleze wazazi. Mwanamume mzima, tulikuwa tunamuogopa kama simba, akasimama anaangalia viatu. Alisema tu "tutajitahidi". Mzazi mmoja akapaza sauti kutoka nyuma kwamba aende akalime. Sisi watoto tulicheka. Wiki iliyofuata tulijua kwa nini hatukupaswa kucheka, na sitaeleza zaidi.

Huyo mwalimu alikuwa na presha kama watu wa kampuni za kibinafsi. Alama zetu hazikupanda.

Mtu atasema hiyo ni hadithi moja ya huzuni, lete ushahidi. Sawa. Kenya imewahi kujaribu kulipa walimu kwa matokeo, kisayansi kabisa, na majibu yako wazi. Mwishoni mwa miaka ya 1990, kwenye wilaya za Busia na Teso, shule 100 ziligawanywa kwa kura: 50 zikawekwa kwenye mpango wa zawadi, 50 zikaachwa zilivyo. Shule zikifanya vizuri ama zikipanda sana kwenye mitihani, walimu wake wanapata zawadi: suti, seti za sahani na glasi, seti za chai, mashuka na blanketi. Thamani yake haikuwa ya mchezo, kati ya asilimia 21 na 43 ya mshahara wa mwezi. Mpango ulikaa miaka miwili. Watafiti Paul Glewwe, Nauman Ilias na Michael Kremer wakaangalia kila kitu.

Alama kwenye mitihani iliyohusishwa na zawadi zilipanda. Hapo wapenda presha hupiga makofi na kuondoka ukumbini. Wangekaa wangesikia kwamba mahudhurio ya walimu hayakubadilika. Kazi ya nyumbani haikuongezeka. Ufundishaji darasani ulibaki ule ule. Kilichoongezeka ni vipindi vya ziada vya kuwaandaa watoto kwa mtihani, na watoto wengi zaidi wakawa wanakalia mtihani na kujifunza mbinu zake. Mpango ulipoisha, faida ya alama ikayeyuka. Hao walimu hawakuwa waovu. Waliombwa alama, wakatoa alama.

Kuwa mkweli ni pamoja na kutaja ushahidi unaokuuma. Kuna utafiti mwingine, wa magharibi mwa Kenya pia, uliofanywa na Esther Duflo, Pascaline Dupas na Kremer huyo huyo kuanzia 2005. Kamati za wazazi zilipewa pesa za kuajiri walimu wa ziada wa kandarasi, mshahara mdogo sana kuliko wa TSC, kandarasi ya kufanywa upya kama umefanya vizuri. Watoto waliofundishwa na hawa walifanya vizuri kuliko wenzao waliokuwa na walimu wa TSC katika shule hizo hizo. Kwa hivyo kuna presha ya kazi isiyo ya uhakika iliyosaidia watoto. Huwezi kuifuta kwa sababu hupendi ilivyo.

Ila tazama ilikuwa presha gani. Aliyeamua kama kandarasi itaendelea alikuwa mzazi wa mtoto anayefundishwa, anayepita nje ya dirisha, anayejua kama mwalimu alikuja Jumanne. Na mlango wa kwenda kwa kazi ya kudumu ulionekana. Serikali ilipochukua wazo hilo kuanzia 2010 na kulipeleka nchi nzima, Tessa Bold na wenzake walilinganisha: pale shirika lisilo la kiserikali liliposimamia, watoto walipata faida; pale serikali iliposimamia, faida haikuonekana kabisa. Mishahara ilichelewa miezi, usimamizi ulikuwa hafifu, mambo yakaingia siasa na mivutano ya chama na mwajiri. Kandarasi ilikuwa ile ile. Kilichobaki ni ile sehemu ya hofu.

Sasa ukilijua hilo, usikilize upya mjadala wa walimu wanagenzi. Shule za sekondari msingi zilipofunguliwa 2023, maelfu ya vijana waliosoma digrii waliingia darasani kwa malipo ya shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato, wenzao wa msingi 15,000. Masomo yalikuwa zaidi ya kumi, shule nyingine zikiwa na mwalimu mmoja wa sekondari msingi anayeyafundisha yote, yale aliyosomea na yale anayoyasoma usiku wa kuamkia kipindi. Mwezi wa Mei 2024 wakagoma wiki kadhaa. Baadaye mwaka uliofuata ukaanza na wengi wao wakiwa wameingizwa kwenye ajira ya kudumu. Kulikuwa na watu waliosema "lakini kandarasi inaongeza bidii, utafiti umeonyesha". Utafiti ulionyesha kandarasi yenye mzazi anayeona na mlango unaoonekana. Kijana asiyejua kama Januari atakuwa na kazi, anayefundisha kilimo alichosomea kemia, hana cha kufanya kuhusu presha yake isipokuwa kutafuta kazi nyingine.

Nimeruka mbele sana, nirudi kidogo. Kuna presha ya aina ya tatu ambayo kwenye mikutano haiitwi presha, inaitwa mafanikio. Mwaka 1974 karo iliondolewa Darasa la Kwanza mpaka la Nne, na wanafunzi wa msingi wakatoka takriban milioni 1.8 mwaka wa kabla yake hadi takriban milioni 2.7. Mwaka mmoja. Walimu wasiosomea ualimu wakajaa. Januari 2003 ikawa tena: kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Mimi ni mtoto wa hiyo sera na siwezi kuitukana, wengi wetu tunaosoma hapa tusingekuwa na shule. Lakini nani alilipia? Ahadi ilitolewa juu, furaha ikasambaa, na darasa la watoto 100 likawekwa mikononi mwa mtu ambaye hakuulizwa. Mwalimu wa 2003 alikuwa na dai jipya bila chombo kipya, na aliposema ni mzito aliambiwa hapendi watoto wa maskini.

Pesa nazo. Oktoba 1997, miezi miwili hivi kabla ya uchaguzi mkuu, mgomo uliisha kwa makubaliano ya nyongeza ya asilimia 150 hadi 200, ilipwe kwa awamu miaka mitano. Uchaguzi ukapita. Awamu ya kwanza ikatoka, nyingine zikakwama, 1998 wakagoma tena, na hilo deni likabaki kwenye kila mazungumzo kwa miaka. Mwaka 2015 mahakama ya kazi ikawapa asilimia 50 hadi 60, wakagoma wiki tano ili ilipwe, na kabla mwaka kuisha Mahakama ya Rufaa ikaifuta. Mtu anaweza kuzoea mshahara mdogo. Kupanga karo ya mtoto wako na mkopo wa sako kwa mshahara ambao uko na hauko, hilo halizoeleki.

Upande wa mitihani, orodha za shule zilipigwa marufuku 2014. Mwaka 2016 usimamizi wa mitihani ukakazwa, na alama za A kwenye KCSE zikashuka kutoka zaidi ya 2,600 mwaka 2015 hadi 141. Kila mtu alisoma hiyo namba kama habari ya wanafunzi. Mimi naisoma pia kama kipimo cha jinsi watu wazima walivyokuwa wamebanwa mpaka wizi ukawa njia ya kawaida.

Mwaka huo huo 2016 TPAD ikaenea, ule mfumo wa kumpima mwalimu kwa fomu. Kwa kanuni, wazo lake liko karibu na lile jarida la miaka ya 1970: mwalimu anajipima, mwenzake ama naibu anaingia darasani, anaona, wanazungumza, wanapanga kuboresha. Hiyo ingekuwa presha nzuri kabisa. Lakini uliza mwalimu yeyote unayemjua atakwambia mazungumzo yalikufa, fomu ikabaki. Tarehe ya mwisho inajulikana kuliko yaliyomo. Mwaka 2018 sera ya kuwahamisha walimu mbali na kaunti zao ikaongezwa juu, baadaye ikalegezwa, na familia nyingi zilikuwa zishagawanyika.

Kwa hivyo mgombea akisimama 2027 akisema atawapa walimu presha, ama atawaondolea presha, kuna swali moja la kumuuliza kabla ya makofi: mwalimu atapata nini mkononi siku hiyo hiyo dai linapomfikia? Na kama ataleta kipimo kipya, ni nani atakayekisoma na kumrudia mwalimu na kitu cha kufundishia, ama kitasomwa na gazeti tu? Mimi nadhani tunahitaji presha zaidi kwa mambo machache, kusoma kwa Gredi ya Tatu likiwa la kwanza, na tuondoe nusu ya makaratasi. Walimu wengine hawatapenda sehemu ya kwanza na maafisa hawatapenda ya pili. Sawa tu.

Kama wewe ni mwalimu na nimekosea mahali, nirekebishe hapo chini, nitasoma.

Na yule mwalimu wa hesabu: bado anafundisha. Nilikutana naye mwezi uliopita stejini, nikamsalimia, "Shikamoo mwalimu," akanikumbuka kwa jina la baba yangu. Nikamwambia naandika kitu kuhusu presha ya walimu. Akacheka. Akasema, "Kijana wangu, simu yako iko na bando?" Kulikuwa na alama za Gredi ya 5 alitaka kupakia kabla ya saa sita usiku. Nikamuwashia hotspoti, tukakaa kwa kibanda cha mama wa chai mpaka mtandao ukakubali.